Ziwa Chini, Bugarama Juu: Gia na Vipuri vya Asili vya Baiskeli Kuukuu ya Safari

Anayeishi Kibenga na kupenda baiskeli ana barabara mbili, na hazifanani kwa lolote. Ya kwanza ni RN3, inayoshuka kusini kando ya Ziwa Tanganyika hadi Rumonge, kilomita 70 na ushei. Ni tambarare. Unapita Mugere penye jiwe la ukumbusho wa Livingstone na Stanley, waliofika hapo Novemba 1871, kisha unaendelea ziwa likiwa mkono wa kulia, na adui wako mkubwa ni upepo wa kusi wakati wa kiangazi. Ya pili inakatiza mjini, inashika RN1 na kuupanda mgongo wa milima unaotenganisha maji ya Kongo na maji ya Nile. Ufuko wa ziwa uko mita 775 hivi juu ya usawa wa bahari, Bugarama iko juu ya mita 2,200, na katikati yake kuna kilomita kama 35 tu. Atakayekimbilia RN7 kupitia Musaga kwenda Ijenda ili kuukwepa mlima huo ataukuta mwenzake.

Sasa mpe mtu huyo baiskeli nyepesi ya safari iliyotengenezwa Ufaransa au Uingereza miaka ya 1960 au 1970, yenye fremu ya chuma chembamba, usukani uliopinda, madigadi, karia ndogo na gia kumi. Atauliza maswali mawili kwa pamoja: je, gia zake zinafaa hapa, na kama hazifai, ana haki gani ya kung'oa vipuri vilivyotoka navyo kiwandani? Watu wengi huyajibu kwa mapenzi. Mmoja anasema kitu cha zamani kisiguswe, mwingine anasema chuma ni chuma, funga chochote kinachozunguka. Mimi nadhani gia ndiyo sehemu ya baiskeli hizi inayostahili heshima ndogo kuliko zote, na kwamba historia yenyewe ya baiskeli za safari inaniunga mkono. Ila kuna vipuri vitatu au vinne ambavyo ukivipoteza umeipoteza baiskeli, na vingine ambavyo uasili wake ni hatari kwa shingo yako.

Tuelewane kwanza ni baiskeli gani. Siizungumzii Phoenix wala Raleigh nyeusi ya breki za vyuma, ile inayobeba mkungu wa ndizi, mbuzi na shemeji. Nazungumzia jamii ya Peugeot PX-10, Dawes Galaxy iliyoanza kutengenezwa Birmingham mwaka 1971, na ndugu zao wa Gitane, Motobécane na Raleigh za daraja la juu. Nyingi za daraja hilo ni za mabomba ya Reynolds 531, aina ya chuma iliyoingia sokoni mwaka 1935, yaliyofanywa mazito kwenye ncha na membamba katikati. Hapo katikati unene wa ukuta wa bomba ni zaidi kidogo tu ya nusu milimita. Baiskeli nzima ina kilo 11 hadi 13. Ile nyeusi ya mizigo inakaribia 20 au inazipita. Nyepesi hizi hazikuwahi kuwa bidhaa ya maduka ya huku kwetu. Huingia moja moja, ndani ya mizigo ya wageni, na wageni wakiondoka zinabaki ghalani.

Hesabu ya gia ni rahisi, na inafaa kufanywa kabla ya kushika spana. Gawa meno ya spoketi ya mbele kwa meno ya spoketi ya nyuma, zidisha kwa mzingo wa gurudumu, utapata mita ambazo baiskeli inakwenda kwa mzunguko mmoja wa pedali. Gurudumu la baiskeli hizi lina mzingo wa mita 2.15 hivi. Mpangilio uliozoeleka sana enzi hizo ni 52 na 42 mbele, 14 hadi 28 nyuma. Gia nzito kabisa ni 52 kwa 14, inayokupeleka mita 8 kwa kila mzunguko. Nyepesi kabisa ni 42 kwa 28, mita 3.2. PX-10 ilikuwa kali zaidi: mara nyingi ilikuja na 52 na 45 mbele, na spoketi ndogo ndogo nyuma, kwa hiyo gia yake nyepesi ilikuwa juu ya mita 4. Hiyo ni gia ya mashindano, si ya matembezi.

Mita hizo zina maana gani kwenye RN1? Tumchukue mtu ambaye yeye, baiskeli yake na mkoba wake ni kilo 90, akiwa kwenye mwinuko wa asilimia 7. Mvuto wa ardhi na msuguano wa tairi vinamrudisha nyuma kwa nguvu ya niutoni 67 hivi. Akizungusha pedali mara 60 kwa dakika kwenye ile gia ya mita 3.2, atakwenda kilomita 11.6 kwa saa, na atahitaji kutoa wati 215. Mpanda baiskeli wa mashindano atazitoa huku anapiga soga. Mtu wa ofisini mwenye mazoezi ya kawaida ana wati 150 za kutumia kwa saa moja au mbili, basi. Atafanyaje? Atapunguza mwendo mpaka pedali zizunguke mara 42 kwa dakika. Injini ya mwili itapumua lakini magoti yatalipa, kwa sababu kila msukumo utakuwa wa wastani wa kilo 20 na zaidi, mzunguko baada ya mzunguko. Sasa mpe mtu yuleyule gia ya mita 2.3, yaani 30 mbele na 28 nyuma. Mizunguko 60 kwa dakika itampeleka kilomita 8.3 kwa saa kwa wati 154, na msukumo wa wastani utashuka hadi kilo 15. Akitunza pumzi hivyo, akatoa wati 150 mfululizo, atafika Bugarama baada ya saa mbili na dakika arubaini hivi, amechoka ila mzima. Hakuna fundi, mafuta ya mnyororo wala moyo wa ushujaa utakaoziba tofauti hiyo ya mita moja.

Kuna atakayesema kwamba vijana wa Bugarama wanapanda na kushuka kila siku kwa gia moja. Wanashuka kweli, na mikungu, magunia ya makaa na mboga, kwa kasi inayomfanya abiria wa basi afumbe macho. Kupanda ni habari nyingine. Chukua baiskeli nyeusi yenye meno 48 mbele na 20 nyuma, kila mzunguko ni mita 5.3. Kwenye mwinuko wetu wa asilimia 7 hiyo inataka msukumo wa wastani wa kilo 34 bila kupumzika, na hiyo ni kabla ya kuhesabu uzito wake. Ndiyo maana wanajishikiza nyuma ya malori, mkono mmoja kwenye chuma cha lori na mwingine kwenye usukani, na wamekufa humo vijana ambao mama zao wangetaka warudi. Baiskeli ya gia moja haipandi Bugarama, inapandishwa. Dizeli ikikosekana, kama ilivyokosekana mara nyingi Burundi miaka hii, lori la kujishikiza nalo halipo. Tom Ritchey, fundi wa baiskeli kutoka California, alipoitembelea Rwanda katikati ya miaka ya 2000 na kubuni baiskeli ndefu ya kubebea kahawa, aliitia gia, na nadhani alikuwa ameitazama milima kabla ya kutazama kitu kingine.

Kwa hiyo swali la gia nyepesi si la mzee mvivu. Lakini lilichukuliwa hivyo kwa miongo mingi, na hapo ndipo tunapopata sababu ya viwanda kutoa gia nzito namna ile. Mwaka 1902 nchini Ufaransa mwanamke mmoja, Marthe Hesse, akiendesha baiskeli ya gia tatu, alimfunika mwanamume mwanamashindano mwenye gia moja katika mashindano ya milimani. Henri Desgrange, ambaye mwaka uliofuata aliianzisha Tour de France, alijibu kwa maneno ya kejeli kwamba gia za kubadilisha ni za watu waliopita miaka 45. Akakataza vihamishi vya mnyororo katika mashindano yake mpaka mwaka 1937. Upande wa pili alisimama Paul de Vivie wa Saint-Étienne, aliyejulikana kwa jina la Vélocio, mhariri wa jarida la Le Cycliste. Hadi kifo chake mwaka 1930 alihubiri gia nyingi na nyepesi, na alizijaribu mwenyewe kwenye milima ya nyumbani kwake. Mafundi wa baiskeli za safari waliomfuata, kama Alex Singer na René Herse kule Paris, walimpimia mteja gia kama fundi cherehani anavyompimia suruali. Spoketi za Stronglight na TA za mtindo huo zilifungwa kwa bolti tano zilizokusanyika kwenye duara dogo la milimita 50.4, na kwa sababu hiyo TA waliweza kutoa spoketi ya mbele ndogo hadi meno 26. Mteja wa milimani alipata 46 na 30, wa Paris alipata kubwa zaidi, na hakuna aliyesema mmoja wao ana baiskeli isiyo ya asili.

Kiwanda kikubwa hakina muda wa kupima suruali. Kinatazama nani ameshinda Tour, kinaiga spoketi zake, na kumuuzia karani picha ya bingwa. Halafu likaja wimbi la kununua baiskeli Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1973 peke yake ziliuzwa takriban milioni 15. Viwanda vya Ulaya vikafunga kipuri chochote kilichokuwapo stoo. Peugeot mbili za mwaka mmoja na jina moja zinaweza kutofautiana krenki, pedali hata breki, na zote mbili zimetoka kiwandani hivyo. Anayetaka kurudisha baiskeli yake katika hali ya katalogi afahamu kwamba katalogi yenyewe ilikuwa ahadi, na ahadi nyingine zilitimizwa nusu.

Hata hivyo uasili unapimika, na ni kazi ya kufurahisha jioni ambapo umeme umekatika na una tochi. Habu za Sturmey-Archer zimegongwa mwezi na mwaka. Kihamishi cha nyuma cha Campagnolo Nuovo Record kimeandikwa neno la hataza na tarakimu mbili za mwaka. Vipuri vya Shimano vina herufi mbili ndogo, ya kwanza ikianzia A kwa mwaka 1976 na ya pili ikiwa ya mwezi. Ukikuta habu ya mwaka mmoja kabla ya fremu, hiyo ni stoo ya kiwanda tu. Ukikuta kihamishi kilichozaliwa miaka minane baada ya fremu, kuna mtu aliwahi kuuona mlima kabla yako.

Kwa hivyo nini kibaki? Fremu na uma wake, hilo halina mjadala. Krenki, hasa zikiwa za aluminiamu za Stronglight au TA, kwa sababu ndizo zinazokuruhusu kubadilisha spoketi bila kubadilisha baiskeli. Habu, kama vikombe vyake havijachimbika. Fungua, osha, tia gololi mpya na grisi, na zitakuzika. Usukani na shingo yake, kwa sababu shingo ya Kifaransa ina kipenyo cha milimita 22.0 ilhali ya kawaida ina 22.2, na ukiipoteza utaitafuta sana. Mengine yote, yaani mnyororo, spoketi za nyuma, nyaya, raba za breki, tairi, yalitengenezwa ili yaishe. Friweli ya mwaka 1972 ambayo bado ina meno mazuri haikutumika, na kuitunza ni kutunza bahati ya mtu aliyeacha baiskeli ghalani.

Kabla ya yote hayo, tikisa fremu. Mwaka 2024 ziwa lilipofura, maji yaliingia katika nyumba za Kibenga za upande wa ziwani, na ghala ni mahali pa kwanza kuingia. Chuma cha nusu milimita hakihimili kutu ya ndani kwa muda mrefu. Chomoa bomba la kiti, mulika ndani, pindua fremu juu chini. Ikidondosha unga wa kahawia kwa wingi, gonga kwa kucha sehemu ya chini karibu na ekseli ya pedali usikilize. Sauti ya kopo ni habari mbaya, na hakuna gia itakayoirekebisha.

Sasa twende Buyenzi. Ni mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, magereji na wauza spea wamebanana humo, na fundi wa huko ataifungua baiskeli yako yote kabla chai haijapoa. Hapo ndipo hofu yangu inapoanza. Mikono yake imejifunza kwenye baiskeli za vipimo vya Kiingereza, ambavyo Phoenix na nduguze wa India walivirithi. Kikombe cha upande wa kulia wa ekseli ya pedali, kwa vipimo hivyo, kina nyuzi za kushoto. Unakifungua kwa kuzungusha upande ule unaofungia bolti ya kawaida. Baiskeli ya Kifaransa ya zamani ina nyuzi za kulia pande zote mbili, kipenyo cha milimita 35 na hatua ya milimita 1. Fundi atazungusha upande aliouzoea, yaani atakaza. Kikombe kitakataa. Ataongeza bomba kwenye spana. Kitakachofuata ni mlio, na fremu iliyopona vita na mafuriko imefia mezani. Peugeot walihamia vipimo vya Uswisi mwishoni mwa miaka ya 1970 na baadaye vya Kiingereza, kwa hiyo hata jina la baiskeli halitoshi, pima.

Pedali ni rahisi zaidi, maana Kifaransa tulichopigiwa viboko shuleni hatimaye kinatusaidia: zikiwa na herufi D na G, ni za droite na gauche, zenye nyuzi za milimita 14, na pedali ya kawaida ya sokoni haitaingia bila kuharibu krenki. Kota, yaani pini zinazobana krenki za chuma, nazo: za Kifaransa ni milimita 9, za Kiingereza 9.5. Hapa tuna bahati, kwa sababu kota nene inaweza kupigwa tupa mpaka ikae, na kwa kupiga tupa fundi wa Buyenzi hana mpinzani.

Kwenye friweli ndipo panapoamuliwa kama gia nyepesi itapatikana kwa bei ya samaki au kwa bei ya tiketi ya ndege. Habu ya vipimo vya Kiingereza inapokea friweli ya baiskeli yoyote ya bei nafuu ya mtindo wa milimani inayouzwa sokoni, na hizo nyingi zina meno 14 hadi 28, nyingine hadi 34. Habu ya Kifaransa ina nyuzi za milimita 34.7 kwa hatua ya milimita 1, karibu sawa na ile ya Kiingereza na kwa hiyo ni mtego zaidi kuliko kama ingekuwa tofauti kabisa. Friweli ya sokoni itaanza kuingia, kisha itazila nyuzi za aluminiamu za habu. Ukiwa na habu hiyo, tafuta friweli ya zamani ya vipimo vyake, au suka gurudumu jipya la nyuma na uifunge habu ya asili kwenye gazeti.

Mtu atakayetaka kuingiza friweli ya spoketi sita au saba atakuta fremu ya spoketi tano imeachana milimita 120 tu nyuma, na yeye anahitaji 126. Fremu ya chuma hutanuliwa, milimita tatu kila upande, taratibu, kwa uzi wa kupimia katikati. Ya aluminiamu usithubutu. Nikiulizwa, nitasema tano zinatosha. Tofauti ya gia ya saba hutaihisi Bugarama. Utahisi spoketi ya mbele.

Kabla ya kuiacha sayansi ya gia, neno kuhusu hila moja ya zamani ambayo wapenzi wa uasili huisifu: spoketi mbili za mbele zilizokaribiana, kwa mfano 50 na 46, na za nyuma zilizoachana, 14, 17, 20, 24, 28. Kila hatua ya nyuma ni karibu asilimia 19, na hatua ya mbele ni kama nusu yake, kwa hiyo gia kumi zinapangana kwa usawa bila kurudiana. Kwenye barabara ya Rumonge, upepo ukibadilika kila kona ya ufuko, mpangilio huo ni raha: unapata daima gia inayokutosha. Mlimani ni anasa ya bure. Gia yake nyepesi ni 46 kwa 28, mita 3.5, nzito kuliko ile 42 tuliyoilaumu. Mafundi wa enzi hizo walilijua hilo wakaongeza spoketi ya tatu ndogo, tuseme 28, ambayo inakupa mita 2.15 hasa. Ukiwa na krenki inayokubali spoketi tatu, huo ndio mpangilio wa Kibenga kuliko wowote: nusu-hatua kwa ajili ya ziwa, ya tatu kwa ajili ya Bugarama. Ukikosa, 46 na 30 inatosha, na unapoteza kitu kidogo tu: gia nzito ya 46 kwa 14 bado ni mita 7, na anayehitaji zaidi ya hiyo anateremka, wakati ambao kazi yake ni breki.

Kihamishi cha nyuma lazima kiwe na mkono mrefu wa kumeza mnyororo unaolegea. Jumlisha tofauti ya meno ya mbele na ya nyuma: 46 toa 30 ni 16, 28 toa 14 ni 14, jumla 30. Nuovo Record ilitengenezwa kwa mashindano na haiwezi kumeza kiasi hicho. Simplex za plastiki zilizoanza mwaka 1962 huvunjika kwa uzee; kama yako imeanza kufanya nyufa, itoe sasa hivi kabla haijaingia kwenye spoki. SunTour wa Japani waligundua mwaka 1964 umbo la mshazari linalofuata mteremko wa spoketi, na kihamishi chao cha V-GT kinafikia meno 34. Hataza yao ilipokwisha katikati ya miaka ya 1980 karibu kila kiwanda kiliwaiga, kwa hiyo hata kihamishi cha bei rahisi cha leo kinafanya kazi kuliko cha kifahari cha mwaka 1970. Watu wa makumbusho hawapendi kusikia hilo. Lakini kihamishi ni kipuri kinachotoka kwa bolti moja na kurudi kwa bolti moja. Kifunge kingine, cha asili kiweke kwenye boksi na jina lake.

Gia za ndani ya habu nazitaja kwa kupita. Sturmey-Archer AW, iliyotoka mwaka 1936, ina gia tatu: ya chini ni asilimia 75 ya ya katikati, ya juu asilimia 133. Ukiwa na meno 46 mbele na 22 nyuma, ya chini itakuwa mita 3.4 hivi. Haiharibiki na haitoshi.

Uasili unapokutana na breki sina subira nao. Baiskeli za daraja la chini za miaka ile zilikuja na rimu za chuma zilizopakwa kromu. Zinang'aa, na zikilowa raba ya breki inateleza juu yake kama sabuni. Mvua za Bujumbura zinajulikana, na kushuka kutoka Bugarama ni kilomita 35 za kushika breki pamoja na malori. Rimu ya aluminiamu inashika, iwe mvua au jua. Breki zenyewe, kama ni Mafac za kuvuta katikati, ziache. Zilikuwa nzuri na bado ni nzuri zikipata raba mpya na nyaya mpya. Rimu za chuma zitundike ukutani zing'ae huko.

Kuna hoja ya fedha ambayo huwa inarushwa mwisho: ukibadilisha vipuri unaishusha thamani. Ni kweli mbele ya mkusanyaji wa Ulaya. Huyo ndiye anayelipia kihamishi cha mwaka sahihi na tepe ya usukani ya rangi sahihi. Kibenga hayupo, na gharama ya kumpelekea baiskeli nzima kwa ndege italamba faida yote. Boksi la vipuri vilivyotolewa, likiwa kavu na limeandikwa, linabaki na thamani yake yote na linaingia katika begi la mtu anayesafiri. Ukiuza baiskeli baadaye, liuze nalo.

Kitu kimoja hakibadilishwi kwa bolti, na ajabu ni kwamba watu hukiuliza mwisho: kipimo cha tairi. Maduka ya spea ya Afrika Mashariki yamejaa tairi za 28 × 1½, ambazo kipenyo cha mahali zinapokaa kwenye rimu ni milimita 635. Baiskeli nyingi za Kiingereza za safari zinataka inchi 27, yaani 630. Za Kifaransa zinataka 700C, yaani 622, au 650B, yaani 584. Tofauti ya milimita tano kati ya 635 na 630 inamshawishi mtu aseme itakaa. Itakaa mpaka uijaze upepo, au mpaka kona ya kwanza ya mteremko, kisha itaruka kwenye rimu. Ukisuka magurudumu mapya ya 622 kwenye fremu ya inchi 27, raba za breki zinashuka milimita nne tu, na breki nyingi za zamani zina nafasi hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu jino lolote, soma namba ubavuni mwa tairi. Ikiwa 622, endelea na hesabu zako. Ikiwa 630 na mwenye nayo bado hajapanda ndege kuja Bujumbura, mwambie aongeze tairi mbili na tyubu nne katika mzigo.